Sambusa za Kuchezea

Sijui kukaa. Wajukuu zangu wananicheka kwa hilo. Naketi, nasimama kutazama kama mlango umefungwa, narudi, nasimama tena kufungua dirisha ambalo nililifungua mwenyewe. Daktari mmoja aliniambia ni presha, nikamkubalia kwa adabu nikachukua dawa zake. Lakini mimi najua si presha. Ilianza ule mwaka niliofungiwa chumbani na ndugu yangu aliyevunjika mguu, mimi na yeye na donge la unga.

Ilikuwa miaka ya vita vikuu. Mombasa ilijaa askari wa kila namna, na bandari ya Kilindini ilinguruma mchana kutwa. Unga wa ngano ulikuwa wa kugawiwa, na aliyeupata aliufunika na khanga asionekane na jirani. Sisi tulikaa Mji wa Kale katika nyumba ya mawe yenye ghorofa moja juu. Tulikuwa watu watano tu: nyanya, mamake baba, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, baba, fundi wa kanzu na kofia, mama, mimi, na ndugu yangu mdogo wa kiume, ambaye hata meno ya utoto yalikuwa bado kung'oka. Mimi nilikuwa na kama miaka kumi na miwili. Hakuna aliyeandika popote, basi nasema kama.

Siku chache kabla ya mkasa wa mguu, niliamka na maumivu ya tumbo. Mama alinionyesha namna ya kujifunga kitambaa, akaniambia nisimwambie mtu, halafu yeye mwenyewe akaenda kumwambia nyanya. Nilijua maana yake, sikuwa mjinga. Binti wa shangazi yangu alipofikia hapo ilisomwa dua, watu wakala halua, na tangu siku ile sikumwona tena ndiani bila ya buibui na mtu mzima wa kumfuata. Mara nyingi hata kwa buibui sikumwona. Kwangu mimi hakukusomwa dua, wala sikuonja halua. Nikaamua kwamba basi jambo lenyewe bado halijawa. Mtoto huamini kile kinachomfaa, na mimi nilikuwa hodari wa kuamini.

Halafu ndugu yangu akaruka kutoka ngazi ya juu mpaka chini, kwa kushindana na watoto wa nyumba ya pili, na paja likavunjika. Ilikuwa katikati ya Shaabani. Baba alimwita mganga wa mifupa, mzee aliyekuja na fito za mianzi ndani ya kikapu na chupa ya mafuta yenye harufu ya kitu kilichoungua. Mzee yule alikuwa akiniona ndiani tangu natambaa. Hata hivyo, alipopanda ngazi, nyanya alinishika bega akanisukuma nyuma ya pazia. Nilidhani ananikinga nisione mguu ulivyopinda.

Kutoka nyuma ya pazia nilisikia ndugu yangu akilia mpaka sauti ikamkatika, na nikamsikia mganga akisema, "Mtoto huyu asiondoke hapa kitandani hata nyumba ikiwaka moto. Akitulia, mwezi wa siku kuu ukiandama atasimama mwenyewe. Akifurukuta, mfupa utaunga upande, na atachechemea mpaka kaburini."

Nani wa kumtuliza? Mama alikuwa na nyumba nzima mikononi. Nyanya alikuwa haoni vizuri. Nikatolewa chuoni nilikokuwa nikisoma Kurani, nikaambiwa nikae na ndugu yangu mpaka atembee. Niliuliza mara moja tu, "Na siku kuu?" Mama akanijibu huku ananipa mgongo, "Akitembea, mtakwenda pamoja."

Basi mguu wake ukawa mguu wangu. Siku kuu kwetu watoto ilikuwa ni uwanja wa pembea. Mwaka mzima tuliusubiri: pembea za mbao za kusukumwa kwa mikono, sharbati, njugu, ubuyu, nguo mpya zinazokwaruza shingo. Pembea kubwa ilipanda juu hata ukaona mapaa ya nyumba, na nilitaka kupanda ile kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Sijui kama kuna mtu mzima anayetaka kitu namna ile. Mimi tangu hapo sijataka.

Lakini ndugu yangu alikuwa kitandani akifurukuta kama samaki ndani ya kikapu. Alipiga ukuta kwa ngumi. Alitupa mto. Alitaka maji, na maji yakija hayataki. Nilimwimbia, nikamsimulia hadithi za majini mpaka majini yakaniishia, nikamchezea vidole vya mguu mzima. Akitulia kidogo, mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Nilikwenda dirishani, na dirisha letu lilikuwa na vipande vya mbao vilivyopishana, hivyo uliona ndia kwa vipande vipande, kilemba cha mtu hapa na mkia wa punda pale. Nilisikia wenzangu wakitoka chuoni. Nyayo zangu ziliniwasha, nikarudi kitandani, nikarudi dirishani. Nyanya aliyekuwa chini aliniita, "Nani huyo atembeaye juu kama mlinzi? Keti tini!"

Ule unga ulitokea kwa bahati mbaya. Baba alikuwa ameletewa na mtu wa bandarini mabaki ya gunia lililoloa maji ya chumvi melini. Unga wenyewe ulikuwa na vidudu, na harufu yake ilikuwa ya kanda kuukuu. Nyanya aliuchekecha akajaribu kuupikia mkate, na sisi tulio na hamu ya mkate tulishindwa kuumeza. Ukawekwa kuwa wa kanji tu. Kanji ni unga uliokorogwa na maji ukapikwa kuwa uji mwepesi. Kofia ya kushonwa ikichovywa humo ikakauka, husimama yenyewe juu ya kichwa. Mama ndiye aliyezitia kanji kofia zote za baba.

Siku moja alikuwa na sufuria mekoni ndugu yangu alipopiga ukelele kama mbuzi anayetindwa. Mama akapanda mbio, akakuta ni mende. Aliporudi jikoni kanji ilikuwa imekauka, imekuwa donge. Mama alipanda tena na lile donge juu ya mwiko, uso umemvimba kwa hasira, akalibandika katika viganja vya mwanawe. "Haya, shika hili uninyamazie!"

Akanyamaza. Alilibonyeza, likabonyea. Alilivuta, likavutika. Akatutazama mimi na mama kwa zamu, kama tulikuwa tumemficha kitu hicho tangu azaliwe. Mama alisimama pale mlangoni na mwiko wake, na kwa mara ya kwanza tangu mguu uvunjike nilimwona akicheka.

Donge la kwanza lilikauka likapasuka, na chungu wakapanda kitandani kwa safu. Mama hakuwa mtu wa kushindwa na chungu. La pili alilitia chumvi nyingi, gao kwa gao, kiganja kimejaa, chungu wasilitake na mtoto asilile. Akatia mafuta ya nazi lisigande mikononi, na maji ya ndimu lisioze upesi. Alilipika kwa moto mdogo akilisonga kama ugali, mpaka likaachana na sufuria lenyewe, halafu akalikanda lingali moto, akichovya viganja katika maji baridi na kupuliza. Mimi nilikaa nikamtazama. Aliligawa mafungu: moja manjano, moja hina, moja buluu ya kufulia, na moja jekundu kwa rangi aliyokuwa akitilia miyaa ya mikeka. Akayaweka ndani ya bakuli na kuyafunika kitambaa kibichi.

Nyanya alisikia habari akapanda ngazi moja moja, akihema. "Mwatezea neema ya Mungu? Vita hivi, watu wana ndaa, nyinyi mwatezea unga?"

"Neema gani hii, mama," mama akamjibu. "Kunguru mwenyewe aikataa."

Nyanya akamega kidogo akagusa na ulimi. Akatema dirishani, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akaanza kushuka ngazi. Tukajua ametoa ruhusa.

Ndugu yangu alikuwa na mkono. Alifinyanga punda mwenye shogi la mizigo mgongoni, askari mwenye kofia ya chuma, hata akamfinyanga nyanya mwenyewe na mgongo wake. Alijaza kibao chote nilichomwekea juu ya tumbo. Saa nzima ilipita mguu haujasogea, na mimi nikapata saa nzima ya kusimama dirishani. Halafu nyanya akaja kusali chumbani mwetu, maana humo mlikuwa na upepo, na vidole vyake vikapita juu ya kibao. Akagusa punda. Akagusa askari. Pale pale akaanza kunyofoa vichwa, kimoja kimoja, kama mtu anayekata mchicha.

"Sanamu zenye vitwa ndani ya nyumba, malaika watapita wapi?" alisema, akaviponda vichwa vyote kuwa donge moja, akatandika msala.

Ndugu yangu alilia machozi ya kweli. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikatoka nje ya chumba. Tangu hapo ikawa vita juu ya vita. Yeye anafinyanga, nyanya ananyofoa. Alianza kuficha vichwa chini ya mto na kuvibandika nyanya akishuka. Kila alipojipinda kuvitoa, lile paja lilivutika. Niliona fito zikienda upande. Nikamwambia, "Tufanye visivyo na vichwa. Tufanye chakula."

Hapo ndipo nilipoanza mimi.

Ramadhani ilikuwa imeingia. Mwaka huo nyanya alisema nifunge mwezi wote kama watu wazima, na nikaona fahari. Halafu zikaja siku ambazo mama alininong'oneza, "Leo usifunge," akanipa kipande cha muhogo nikile nyuma ya mlango wa jikoni. Nilikula haraka, masikio wazi kwa ndugu yangu asije akaniita, na huku nikijiambia bado, bado, hakuna aliyesema kitu.

Alasiri moja nilikuwa nikipanda na maji nikawasikia baba na mama wanazungumza chumbani mwao. Pazia lilikuwa limeshushwa, na mimi nikasimama kwenye ngazi.

"Asitoke tena," baba alisema. "Mwana amekua huyu. Watu wana mato."

"Mwenyewe wamuona, kutwa yuateza unga na mtoto mdogo," mama akasema. "Huyo ndiye aliyekua? Bado ni kitoto. Muwate siku kuu hii moya ipite, kisha utakavyo wewe."

Hakuwa mtu mkali, baba yangu. Alikuwa mtu aliyeogopa dada yake, na aliogopa watu wa barazani, na kwa hofu hizo mbili alitengeneza ukali wake. "Nitamtazama," alisema. "Nikiona ni mtoto, atakwenda na nduguye, mguu ukipona. Nikiona si mtoto, hakuna kutoka nde."

Maji yalinimwagikia miguuni. Sasa nilijua. Mambo mawili yalinisimamia njiani: mfupa wa ndugu yangu uunge, na mimi nionekane mtoto.

Mama naye hakuniambia kitu, lakini tangu siku ile, kila baba akisikika mlangoni aliniita kwa sauti kubwa, "Teza na nduguyo! Kaa tini uteze!" Nami nilikaa chini, miguu nimeitawanya kama kitoto, nikacheka kwa sauti isiyokuwa yangu. Baba akipita alisimama mlangoni, kastabini ya shaba ya kushonea bado kidoleni, akanitazama. Nilihisi macho yake kwenye shingo. Nilitamani kumwambia, tazama vizuri, mimi ni yule yule. Akiondoka nilikuwa nimechoka kama niliyebeba maji.

Tatizo ni kwamba siwezi kukaa na kitu mkononi nikakifanya vibaya. Ningefanya vidonge vya hovyo, nikavibandika ukutani, nikaonekana mtoto, na nikaenda zangu kwenye pembea. Lakini mikono yangu ilikuwa na wasiwasi kama miguu, na kwa kuwa miguu ilikatazwa, mikono ikafanya kazi ya vyote. Nilianza na vitumbua, navyo ni rahisi. Nikafanya kaimati, nikafanya mkate wa ufuta kwa kuutoboa toboa na kijiti. Nikafanya visheti, nikivibingirisha juu ya mgongo wa chujio vipate yale madoadoa. Ndugu yangu alikuwa mwenye duka, kibao chake ndiyo meza, na alinifukuza kwa ukali sana kila nilipotaka kununua. Mguu ulitulia. Siku zikaenda.

Halafu nikaingia katika sambusa.

Mwaka huo sambusa za kweli zilikuwa chache. Nyama ilikuwa adimu, na mama alitia vitunguu vingi na kuviita nyama. Nilikuwa nimemtazama akisukuma manda nyembamba na kuzikunja tangu nilipoweza kusimama, lakini hakuwahi kunipa nikunje, kwa sababu unga wa kula haukuwa wa kujifunzia. Wa kuchezea nilikuwa nao. Nilisukuma kwa chupa mpaka unga ukaonyesha rangi ya kibao kwa chini. Nikakata ukanda. Nikakunja pembe, nikakunja tena, nikaacha mfuko, nikajaza vipande vya makumbi ya nazi, nikafunga. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilikaa kama pua. Nilirudia mpaka ndugu yangu akalala dukani kwake, nikarudia, na wakati fulani katika kurudia huko niligundua kwamba sijakwenda dirishani tangu adhuhuri.

Sijasahau furaha ya pembe tatu zilizokutana sawasawa. Nilichanganya manjano na hina kidogo kupata ile rangi ya kukaangwa, nikazipaka mafuta ya nazi zing'ae. Zilikuwa kama zimetoka karaini sasa hivi. Nikazipanga juu ya sahani, nikazipeleka jikoni, nikaziweka rafuni karibu na meko zikauke kwa joto. Halafu nikapanda kumngoja mama amalize kusali, nimwite aje azione.

Jioni hiyo shangazi yangu alikuja kufuturu kwetu. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mnene mwenye sauti, na ndiye aliyemtia ndani binti yake mapema kuliko mtu yeyote mtaani na akajisifu kwa hilo. Mama alishughulika na uji na tende. Nyanya, kwa kutaka kusaidia, aliingia jikoni akapapasa rafu, akakuta sahani iliyojaa, vidole vyake vikasoma pembe tatu. Alifurahi. Alidhani mama ameficha za kumshangaza mgeni. Akaichukua, akaiweka katikati ya mkeka.

Adhana ililia. Tende, maji, halafu mkono wa shangazi ukaenda moja kwa moja kwenye sambusa. Mimi nilikuwa ndio naingia na kata ya maji, na mama alikuwa amempa mgongo. Nilifungua mdomo, lakini shangazi alikuwa ameshauma.

Alitafuna mara moja. Macho yakamtoka. Chumvi ile, hina, unga wa melini na makumbi ya nazi, vyote pamoja juu ya ulimi uliofunga tangu alfajiri! Alitema katika kiganja, akakohoa, mama akageuka, nyanya akauliza, "Ni nini, pilipili?" Kwa dakika nzima ulikuwa mshike mshike wa maji na vitambaa. Mama alipotambua, aliweka mkono mdomoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Nyanya alipoelezwa alicheka waziwazi mpaka akashika mbavu. Hata shangazi mwenyewe, baada ya kusukutua, alicheka. Nami nikacheka. Namshukuru Mungu kwa kicheko hicho, maana kilikuwa cha mwisho cha aina yake.

Shangazi akaokota sambusa nyingine. Akaigeuza kwenye mwanga wa taa. Akabonyeza pembe, akatazama mshono, akatafuta pahali pa kupasukia, asipaone. Kicheko kilimtoka usoni polepole.

"Wifi," akamwambia mama, "ni nani aliyekunja hizi?"

Nyanya ndiye aliyejibu, kwa fahari, maskini, bila ya kujua anafanya nini. "Mjukuu wangu huyu hapa. Mkono huo, eh? Hata mimi nimedanganyika!"

Shangazi akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Watu wazima hukunja sambusa miaka, wasifikie hapa," alisema. "Nanyi mwaniambia yuateza. Mkono huu wamngoja nani?"

Nilitaka kusema ni mchezo tu. Nilitaka kukaa chini na kutawanya miguu. Nilimtazama mama anitetee, na mama alikuwa akitazama sahani. Niliona jinsi anavyoihesabu kazi yangu, pembe kwa pembe, na nikaona kwamba anajivunia na kwamba imemvunja, yote mawili kwa pamoja, na hakuna lililolishinda jingine. Baba aliporudi kutoka msikitini, shangazi alimngojea chini ya ngazi na sambusa moja juu ya kiganja.

Baba hakuniita. Aliacha tu kusimama mlangoni kunitazama, na hilo lilitosha.

Nilikaa na ndugu yangu siku zilizobaki. Sijui kwa nini sikumwacha afurukute. Hasira nilikuwa nayo ya kuvunja miguu ya mji mzima, lakini wa kwake nilikuwa nimeulinda muda mrefu mno, na nilishindwa kuacha. Mganga alikuja siku za mwisho za mwezi, nami nikaenda mwenyewe nyuma ya pazia kabla ya kusukumwa. Nilisikia fito zikifunguliwa. Nilisikia nyayo mbili za uchi juu ya sakafu, moja nzito, moja ya kuogopa, halafu tena, halafu mama akipiga kigelegele. Mguu ulikuwa umeunga sawasawa. Nililia kwa furaha pale kwenye vumbi la pazia, na sikuwa nadanganya.

Asubuhi ya siku kuu nilivaa gauni langu jipya kama sijui kitu. Mama alikuwa amelishona kabla, katika siku zake za matumaini, na lilikuwa fupi, la kitoto, la maua. Nilishuka ngazi nimemshika ndugu yangu mkono, maana alikuwa bado hajazoea ngazi. Baba alikuwa mlangoni na kanzu yake yenye kanji. Aliupokea mkono wa ndugu yangu kutoka kwangu. Akanitazama, kisha akamtazama mama.

"Baki na mamako," alisema kwa upole.

Upole ule ndio uliniudhi kuliko yote. Ningejua la kufanya na fimbo. Mlango ulifunguliwa, ukelele wote wa ndiani ukaingia, filimbi za watoto, harufu ya udi na viatu vipya, kisha ukafungwa. Nilibaki nimesimama. Mama alikuja nyuma yangu.

"Nilitaka uipate hii moya," alisema. "Wallahi nilitaka. Hata mimi yangu ya mwisho ilinipita tu. Hakuna aliyeniambia kuwa ndiyo ya mwisho."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na hakunipiga. Nilipanda juu, nikashuka, nikapanda. Nilitembea nyumba ile kutoka jikoni mpaka darini mchana kutwa, na hakuna aliyeniambia niketi. Nyanya alikaa pembeni na tasbihi yake. Nadhani mtu alikuwa amemweleza yale maneno yake ya sambusa yalifanya nini.

Walirudi baada ya alasiri. Ndugu yangu alipanda ngazi mwenyewe, mdomo mwekundu kwa ubuyu, akaanza kunisimulia kabla hajafika juu: nani alianguka, nani alitapika, nani alimkanyaga, jinsi baba alivyomnyanyua juu ya watu. Alisema yote. Kisha akaniangalia pale nilipokuwa nimesimama dirishani.

"Na wewe mbona hukuja? Nilikutafuta."

"Wamesema nimekua," nikamwambia.

Alinikazia macho. Aliangalia gauni langu, akaangalia uso wangu, kwa makini kabisa, kama alivyokuwa akinitazama nilipokuja dukani kwake kununua na yeye hana imani nami.

"Lini?" akauliza. "Si tulikuwa hapa pamoja?"

Nikamwambia aketi kitandani anipe ule mguu, niutazame kama haukuvimba.